Naomba ushauri: viungo vikavu vinaungua kabla mguu wa mbuzi haujaiva

Ndugu wapishi, wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Ninaishi Dodoma, na kwa miezi miwili sasa ninajitengenezea viungo vikavu vya kupaka nyama kabla ya kuichoma, kwa namna ya Wamarekani wanaochanganya na sukari. Kipimo changu ni vijiko vinne vya sukari ya kahawia, viwili vya chumvi, viwili vya paprika, na kimoja kimoja cha pilipili manga, unga wa kitunguu saumu na binzari nyembamba, ambayo ninaikaanga kavu na kuitwanga mwenyewe kwa sababu harufu yake huizidi mbali ile ya paketi.

Mishikaki inatoka vizuri sana. Tatizo ni mguu wa mbuzi, ambao hukaa juu ya mkaa zaidi ya saa moja na nusu: nje unakuwa mweusi na mchungu, ilhali karibu na mfupa bado kuna damu. Nilipunguza sukari hadi vijiko viwili, uchungu ukapungua lakini haukuisha. Nilisogeza mkaa pembeni, moto ukapoa kabla nyama haijaiva.

Je, sukari niiondoe kabisa mwanzoni na kuipaka dakika za mwisho tu? Na kwa mguu wa kilo 2 wenye mfupa, chumvi ipakwe saa ngapi kabla ya kuchoma ili ipenye bila kuikausha nyama?

Natanguliza shukrani.