Mjadala: Mwanachuo anayesoma akitokea nyumbani ni wa jumuiya au ni wa chuo?

Mtoa hoja, Shangani, Mtwara

Tumsifu Yesu Kristo. Tangu Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris kilipoanza hapa Mtwara mwaka 2009, kijana wa Mikindani au Naliendele anaweza kusomea shahada bila kupanda basi la Dar es Salaam. Wapo wanaobaki kwa ajili ya ada, wapo wanaomuuguza mzazi, na wapo ambao kwao sahani ya ugali ya nyumbani ndiyo inayozifikisha fedha za mkopo mwisho wa muhula. Ninachouliza ni nani anayewachunga. Vijana wa parokia wanamhesabu huyu wa nyumbani kuwa wa chuo. Wanachuo Wakatoliki hukutana jioni, wakati ambao wa hosteli ametoka kuoga naye wa nyumbani anatafuta bodaboda, kwa hiyo kila upande unaamini kwamba yuko upande wa pili. Kanuni ya 813 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamtaka askofu awahudumie wanafunzi kwa bidii, hata kwa kuwaundia parokia ikibidi, wala haiwatengi wanafunzi wa hosteli na wengine. Napendekeza wapewe padre mlezi na siku yao, Jumamosi mchana.

Katekista, Mikindani

Milele amina. Mwanangu, uchungu wako nauelewa, ila dawa siikubali. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo, yaani vikundi vya Wakristo majirani wanaosali pamoja, mwaka 1976, walitaka Mkristo alelewe pale anapoishi, na kijana huyu hakuhama: jirani aliyemsimamia ubatizo bado yuko nyumba ya tatu. Makundi mapya nimeyaona mengi, na mengi hayavuki msimu wa korosho. Kosa letu ni jingine. Tunamwita msomi, kisha kazi tunayompa ni kusoma somo na kupanga viti, na hesabu za michango ya jumuiya tunamnyima.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Chikongola

Shikamooni wazee wangu. Naomba niseme, kwa kuwa tunaozungumziwa ni sisi. Jumuiya yetu husali Jumamosi alfajiri na ninaipenda, lakini waliomo ni mama yangu, shangazi yangu na mama mwenye nyumba wetu. Nikiwa na swali kuhusu mchumba wa dini nyingine, jambo la kawaida sana katika mji huu, au kuhusu somo la darasani lililonitikisa imani, nitaliuliza mbele ya nani? Kabla ya chakula cha mchana mtaa mzima utakuwa umelipata. Mwenzangu wa hosteli huuliza kwa sababu hapa mjini hana shangazi. Jioni kwa msichana aliye kwao haipo kabisa, maana saa kumi na mbili ninasonga ugali, na nikitoka naulizwa nitarudi saa ngapi na nitarudi na nani. Jumamosi mchana aliyoipendekeza mtoa hoja (nadhani kwake kuna mtu anayemfulia) ndiyo saa yetu ya kufua. Saa ambayo sisi sote tuko chuoni ni ile ya mapumziko, saa saba mchana, katikati ya wiki. Padre akija akaketi chini ya mwembe saa moja tu, atatupata sisi na wa hosteli pamoja, na hakuna atakayeomba ruhusa nyumbani.

Mtoa hoja

Marahaba, binti. Kuhusu kufua umenikamata, na Jumamosi naiondoa. Mzee katekista, shikamoo. Suala la hesabu ya jumuiya nalikubali, lakini maswali ya binti huyu hayajibiwi kwa kumpa daftari la michango. Ugumu ninaouona katika saa saba ni kwamba paroko mwenye vigango (makanisa madogo ya parokia) kadhaa, siku za wiki mchana, mara nyingi yuko kwenye mazishi au kwa wagonjwa. Je, ni lazima awe padre? Mtawa au mwalimu mlei aliyeandaliwa vizuri, ambaye hana undugu na mtaa, angeweza kuanza, naye padre akaja mara moja kwa mwezi kwa ajili ya kitubio. Nitamuuliza paroko wetu kama anaweza kutupa Jumatano moja.