Vikao vya kazini: nafanyaje ili na mimi nisikilizwe kama kiongozi, sio mjaza kiti?

Kimya_Kingi

Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo yenu maana hili jambo linanikera muda sasa na ofisini sina wa kumwambia bila kuonekana nawania cheo.

Iko hivi, timu yetu tuko watu tisa, wote daraja moja, mwenye cheo ni meneja tu na yeye siku hizi kwenye kikao cha kila wiki anakaa dakika kumi za mwanzo halafu anaaga ana kikao kingine, anatuachia "malizieni wenyewe". Hapo sasa. Hakuna aliyeteuliwa ila kuna jamaa mmoja kila mtu kashazoea kumtazama yeye, mtu akiuliza "kwa hiyo tunafanyaje?" vichwa vyote vinamgeukia, hata mimi najishtukia nimeshageuka. Na wala sio kwamba kazi anaijua kunizidi, tena mara nyingine anakuja kuniuliza mimi pembeni kabla ya kikao.

Wiki iliyopita ndio nilichoka kabisa. Tunajadili kwanini ripoti zinachelewa, nikasema jamani tatizo sio wanaoandika, data inatufikia Alhamisi mchana na ripoti inatakiwa Ijumaa asubuhi, labda tungeomba ije Jumatano. Kimya. Mmoja akakohoa, mwingine "mmh sawa", tukahamia kwingine. Dakika kama ishirini baadae jamaa anaegemea kiti, "mimi naona tukipata data Jumatano hili limekwisha". Watu eeeh, hapo sasa umeongea! Nikabaki naangalia daftari langu, maneno yale yale yameandikwa pale kwa mwandiko wangu na nimeyapigia mstari mara mbili.

Hawa watu wanafanyaje? Ni kipaji au kuna namna? Kimbelembele siwezi nawaambia mapema.

---

Naunga_Hoja

Pole mkuu. Mimi niko kile chama cha "naunga mkono hoja" na mshahara unaingia kama kawaida, ngoja waje wajuvi nijifunze na mimi.

---

Mzee_wa_Ajenda

Mleta mada, kabla hujasema umeibiwa wazo hebu rudia ulivyolisema. Umeandika mwenyewe hapo juu "labda tungeomba". Jamaa kasema "hili limekwisha". Wewe umeleta wazo unaliombea radhi mlangoni, yeye kalileta limeshavaa viatu. Sisemi ni haki, nasema ndio masikio ya watu yalivyo.

Halafu kuna suala la kiasi. Nikikuuliza kwenye kikao cha saa nzima unaongea mara ngapi nadhani utaniambia mara moja, mara mbili ikizidi. Sasa kuna utafiti ulitoka 2020, wanafunzi 256 kwenye vikundi 33 wanacheza mchezo wa kompyuta wa kupanga mambo pamoja, mwisho wanaulizwa nani aliibuka kiongozi. Kilichotabiri jibu ni muda ambao mtu aliongea, hata baada ya kuweka kando akili na haiba yake. Kwa kimombo wanaiita "babble hypothesis", yaani nadharia ya kubwabwaja, wala sio utani.

Lakini mimi ninayoipenda ni ya zamani zaidi, ya mtafiti Bavelas na wenzake 1965. Walikalisha watu kundi kundi wajadili, kila mmoja ana taa mbili mbele yake ambazo wenzake hawazioni, kijani maana yake umechangia vizuri, nyekundu maana yake unaharibu mjadala. Wao wanadhani wataalamu wanawasikiliza na kuwapa alama kwa haki kumbe ni mtego, kwenye duru ya kwanza wameshamchagua mtu mmoja mkimya mkimya, duru ya pili kila akifungua mdomo anawashiwa kijani, wale waongeaji wakizidisha wanakula nyekundu. Yule mkimya akaanza kuongea zaidi, na wenzake walipoulizwa tena nani anaongoza wakampandisha juu. Mtu yule yule, akili ile ile! Kwa hiyo ukiniuliza kipaji, nakwambia wewe hujawahi kuwashiwa taa ya kijani tu.

Anza mapema. Ukikaa nusu saa bila kusema neno, neno la kwanza linakuwa zito kama gunia na watu wote wanageuka kukushangaa. Dakika tano za mwanzo sema chochote chenye maana, hata swali.

---

Dada_wa_Mitambo

Mzee wa Ajenda nakuheshimu ila umeruka kipande. Huo huo utafiti wa 2020 ulikuta wanaume wanapata kura za ziada za kuitwa viongozi kwa uanaume wao tu, hata muda wa kuongea ukiwa sawa. Kwa hiyo "ongea zaidi" sio dawa ya kila mgonjwa. Mimi niliifuata hiyo dawa miaka mitatu kwenye timu ambayo mwanamke nilikuwa peke yangu, nikaishia kuitwa mkali. Mwenzangu akisema kitu kile kile kwa sauti ile ile yeye anaitwa ana msimamo.

Kilichonisaidia mimi ni mtu mmoja. Kuna kijana alikuwa anakaa karibu na mimi, tukakubaliana kimya kimya: nikisema kitu kikapita kama upepo, yeye anakirudisha na jina langu, "ngoja kidogo, alichosema dada pale kuhusu vipuri hatujakijibu". Na mimi hivyo hivyo kwake. Hatukuibuni sisi, wafanyakazi wanawake wa Ikulu ya Marekani enzi za Obama walikuwa wanafanya hivyo, iliandikwa magazetini 2016, mmoja akitoa hoja mwenzake anairudia na kumtaja mwenye hoja ili isipate baba mwingine. Inafanya kazi kwa wanaume wakimya pia usiogope. Tafuta mtu mmoja tu kwenye hao nane.

Na lile la data, siku nyingine wazo lako likiibuka kwa mtu mwingine usinune na usiseme "nilisema mimi", hata ukiwa na haki utaonekana mtoto. Sema hivi: "ndio, hiyo ya Jumatano niliyoitaja mwanzo, nafurahi tumeikubali, basi mimi nawaandikia watu wa data leo mchana na kikao kijacho nawaletea jibu." Umejirudishia wazo, umejipa kazi, na kikao kijacho ajenda hiyo inaanza na wewe. Jamaa kabaki na makofi, wewe una mpini.

---

Kimya_Kingi

Dada hapo kwenye mpini nimekuelewa vizuri sana. Mzee wa Ajenda na ile "labda" umenipiga ngumi ya tumbo, nimehesabu kwenye meseji zangu za kazini za leo tu nimeandika labda mara saba.

---

Kalamu_ya_Ubaoni

Nimechelewa ila niongeze, maana naona wote mnazungumzia jinsi ya kupanda na hakuna anayezungumzia jinsi watu wanavyoanguka.

Mwaka 1967 bwana mmoja anaitwa Geier alifuatilia vikundi vya wanafunzi ambavyo havikupewa kiongozi. Alichokiona ni kwamba kundi halichagui kiongozi moja kwa moja, linachuja. Kwanza wanatoka wale wasiojua mada, wasioshiriki, na wenye msimamo wa chuma. Wakishatoka hao, waliobaki wanachujwa tena, anatoka mwenye ubabe na mwenye mdomo unaoudhi. Anayebaki ndio huyo mnamgeuzia vichwa. Kwa hiyo Kimya Kingi wewe hujashindwa na jamaa, umechujwa raundi ya kwanza kwa kosa la kutoshiriki, na habari njema ni kwamba hilo kosa ndio rahisi kulifuta kuliko yote. Mbabe ndio ana kazi.

Sasa cha kufanya. Achana na kutafuta mawazo mazuri, mawazo mazuri kwenye kikao yapo mengi yanazagaa kama vikombe. Kinachokosekana ni mtu wa kushika uzi. Angalia kikao chenu kesho, utaona kuna dakika ambayo watu wawili wanabishana kumbe wanasema kitu kimoja, wengine wameshaingia kwenye simu. Hapo ndipo pa kuingia: "naomba niwaulize, hapa tumeshaamua au bado tunajadili? Maana nimesikia A anataka hivi, B anataka hivi, tofauti yao ni siku tu." Sentensi mbili. Hujaleta wazo lolote lako, lakini kuanzia hapo watu wanakuangalia wewe kujua wako wapi.

Swali la pili la kulibeba mfukoni: "kuna mtu anajua kitu ambacho bado hatujakisikia hapa?" Watafiti Stasser na Titus walionyesha tangu 1985 kwamba vikundi vinapenda kurudia yale ambayo kila mtu anayajua tayari, na lile analolijua mtu mmoja linabaki tumboni mwake, matokeo yake mnaamua vibaya wakati jibu lilikuwepo mezani. Ukiuliza hilo swali halafu ukanyamaza kweli kweli, hesabu mpaka sita moyoni, mtu atafunguka. Na yule uliyemfungua hatakusahau.

La tatu ni kalamu, na hapa kuna mtego. Kuandika muhtasari kwenye daftari lako kunakufanya karani, watakuachia kazi hiyo mpaka unastaafu. Kuandika ubaoni au kwenye skrini ambapo wote wanaona ni kitu kingine kabisa, maana wewe ndio unaamua sentensi gani imeandikwa na ipi imefutwa. Nimewahi kuona mabishano ya nusu saa yakiisha kwa mtu kusimama na kuandika "nani" na "lini" ubaoni, akageuka, akangoja.

Viti navyo. 1961 watafiti Strodtbeck na Hook waliangalia majuri ya majaribio Marekani (raia wa kawaida wanaokaa pamoja kuamua kesi), waliokaa kichwani mwa meza walichaguliwa wenyeviti mara nyingi kuliko wa ubavuni. Ila wenye nafasi kubwa huko nje ndio walikuwa wanakimbilia viti hivyo, kwa hiyo usihame kiti ukadhani umemaliza. Kaa tu mahali unapoonana uso kwa uso na watu wengi. Kule kona ya mlangoni unakokaa, ondoka leo (najua unakaa huko).

---

Naunga_Hoja

Kona ya mlangoni hahaha, mbona na mimi nakaa huko huko.

Swali kidogo mkuu Kalamu, na yule jamaa? Hawezi kukubali kirahisi avuliwe kofia mbele ya watu.

---

Kalamu_ya_Ubaoni

Asivuliwe. Mkishindana waziwazi kundi linagawanyika na kazi inasimama, na wewe mgeni wa ulingo ndio utaonekana chanzo. Akitoa hoja nzuri imalizie: "sawa, hiyo naiunga, nani anaibeba?" Yeye anabaki na maneno, wewe unashika mwendo wa kikao. Wengine wanaishi hivyo miaka na wote wawili wanaheshimika.

---

Kimya_Kingi

Nimerudi wakuu, vikao viwili vimepita.

Cha kwanza niliharibu. Niliuliza "tumeamua au tunajadili?" dakika ya nne, ajenda ya kwanza haijamaliza hata kusomwa. Wakacheka wote mpaka meneja, nikatamani ardhi ipasuke. Ila kilichonishangaza, kicheko kikaisha na nikawa nimeshaongea, kwahiyo kuongea mara ya pili haikuwa ngumu tena.

Cha pili jana. Nimekaa katikati ya meza. Kuna mabishano ya zamu yakaenda yakarudi, nikangoja mpaka nikaona wawili wameshika simu, nikasimama nikaandika majina mawili na siku mbili ubaoni bila kusema kitu. Jamaa akaangalia ubao, akaniangalia mimi, akasema "haya, soma tulichokubaliana". Nikasoma. Hakuna aliyepiga makofi wala nini, wamenakili wakatoka. Sikusema labda hata moja.

---

Dada_wa_Mitambo

Safi sana! Na data ya Jumatano iliishia wapi?

---

Kimya_Kingi

Imekuja Jumatano dada. Saa kumi na moja jioni. Nimeshawaandikia tena.