Madalali wa hisa mliokuja Tabora na grafu iliyokatwa: bei imeshuka, mbona simu zetu hampokei?

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuunganishe na zile nyuzi za "ninunue hisa gani". Huu ni wa malalamiko.

Kuna kampuni ya udalali wa hisa, jina naliacha kwa sasa, ilituma vijana wake hapa mjini mwezi wa nne. Wakakodi ukumbi, wakaita wastaafu: walimu, manesi, watu wa reli, watu wa halmashauri. Soda zipo, sambusa zipo. Kijana mwenye tai akafungua kwa "Mwangaluka!", ukumbi mzima ukacheka, na hapo nusu ya kazi yake ilikuwa imeisha. Akawasha projekta. Grafu ya bei ya hisa waliyokuwa wanatuuzia inapanda tu, haina hata kibonde. Mimi nimefundisha hesabu hadi nastaafu, kwa hiyo jicho lilienda moja kwa moja kwenye mhimili wa chini. Grafu ilianzia mwaka uleule hisa ilipoanza kupanda. Miaka ya nyuma, bei ilipolala na pale iliposhuka, wameikata. Nikanyoosha mkono nikauliza iko wapi. Jibu: "Mwalimu, tuangalie mbele, nyuma tumeshapita." Watu wakapiga makofi!

Basi watu wakanunua, wengi wao mwanzoni mwa Mei, kwa sababu waliambiwa wawahi gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, kabla daftari la wanahisa (orodha ya watakaolipwa) halijafungwa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo. Kila anayekula kwa kazi ya hisa anajua mchezo huu. Mabenki yaliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa kawaida hufanya mikutano mikuu Mei au Juni. Watu hukimbilia gawio, bei inapanda. Daftari likishafungwa, anayenunua baadaye hana chake katika gawio la mwaka huo, sasa kwa nini atoe bei ileile? Bei inashuka. Hakuna mchawi hapo, ni hesabu ya darasa la saba. Lakini mstaafu wa Isevya au Ng'ambo haijui, na walioijua walinyamaza maana kamisheni yao inakatwa siku ya kununua.

Na inakatwa tena siku ya kuuza. Hilo nalo halikuwemo kwenye projekta.

Juni bei ikaanza kuteremka. Jirani yangu wa hapa Cheyo, nesi mstaafu, mjane, alikuwa ameweka milioni kumi na mbili. Akaja kwangu jioni na simu mkononi nimsomee, maana maandishi ni madogo na miwani yake imevunjika mkono. "Thamani ya sasa" inasoma milioni tisa na ushee, kwa rangi nyekundu. Ananiuliza, "Mwalimu, hii nyingine wamechukua nani?" Mtaani alikuwa ameshasikia kwamba pensheni za watu zimeshuka, kwa hiyo usiku huo alikuwa anahesabu kwamba hata ile ya kila mwezi inakwenda.

Tusiwacheke watu kama hawa. Mtumishi wa umma wa nchi hii ana sababu ya kushtuka akisikia neno pensheni. Mifuko ya pensheni iliunganishwa 2018, kikokotoo (kanuni ya kukokotoa mafao) kikaja na asilimia 25 ya mafao kulipwa kwa mkupuo, kelele zikapigwa mpaka Rais Magufuli akasimamisha Desemba mwaka huohuo. 2022 ikaja 33, na 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa waliokuwa wanapata nusu zamani. Aliyepita humo akiambiwa "imeshuka" anaamini kwanza, anauliza baadaye.

Nikamweleza taratibu. Pensheni ya mwezi inakokotolewa kwa miaka ya utumishi na mshahara, haisomi bei ya hisa ya leo asubuhi. Soko likiyumba, anayebeba huo mzigo ni mfuko, na malipo yake ya mwezi yanabaki palepale. Na hata zile hisa, idadi yake ni ileile aliyonunua. Gawio litatoka kwenye faida ya kampuni, likatwe kodi asilimia 5, liingie. Namba nyekundu inakwambia ukiuza leo utapata kiasi gani, basi. Kama huuzi, hujapoteza bado.

Akaelewa vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba katika hizo milioni kumi na mbili kulikuwa na ada ya chuo ya mjukuu. Ada haisubiri soko. Swali ambalo kijana mwenye tai alipaswa kumuuliza kabla ya kupokea hata shilingi ni hili: mama, pesa hii unaihitaji lini? Sentensi moja tu. Ya mwaka huu na mwaka kesho ingekaa benki, iliyobaki ndiyo ingeingia kwenye hisa ikae miaka yake.

Akampigia dalali. Inaita, haipokelewi. Siku ya pili, hivyohivyo. Kwenye grupu la WhatsApp wamefunga, anaandika admin peke yake, na admin ameweka ujumbe mmoja: "Mitikisiko ya muda mfupi ni kawaida, tuwe watulivu," na kiemoji cha mikono iliyofumbatwa. Mama akaweka oda ya kuuza. Soko letu wanunuzi si wengi, oda ikalala pale inasubiri, ikabidi ashushe bei, asubiri, ashushe tena. Ikapita kwa hasara. Kamisheni ikakatwa palepale, hiyo haikuchelewa hata dakika.

Najua mtakuja hapa na "hisa ni za muda mrefu, mzee". Najua. Mimi zangu ninazo na siuzi. Kuna mtakayenitajia Marekani 2020, soko lilianguka zaidi ya asilimia 30 kati ya Februari na Machi, Agosti likawa limerudi. Kweli kabisa. Sasa mwambie hivyo mtu aliyekuwa na ada ya kulipa Aprili ile. Na mwalimu mwenzangu aliyechukua hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miaka 25 kwa asilimia 15.95, kabla viwango havijashushwa 2022, analala usingizi, riba yake inaingia mara mbili kwa mwaka. Mnajua kule ukumbini hatifungani ilitajwa kwa muda gani? Haikutajwa.

Msituambie pia kwamba tungeogopa kama tungeelezwa ukweli. Watu wa mkoa huu wameweka magunia ya mpunga ndani miezi na miezi wakisubiri bei ipande, na wanajua mwaka mwingine haipandi. Bei kushuka tunaijua kabla ninyi hamjazaliwa. Tulichotaka ni kuambiwa.

Madai yetu: mrudi ukumbi uleule, na grafu nzima toka siku hisa ilipoorodheshwa, mseme kamisheni ni kiasi gani kununua na kiasi gani kuuza, na namba ya mtu anayepokea simu bei ikishuka. Soda tutanunua wenyewe.

Wadau wa Kigoma, Shinyanga na Singida, hawa jamaa wamepita kwenu? Waliwaonyesha grafu inayoanzia mwaka gani? Na aliyewahi kupeleka malalamiko dhidi ya dalali kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, maana ndiyo inayowapa leseni, aweke hapa alivyofanya na viambatisho alivyotakiwa kuwa navyo. Risiti za watu ninazo, na picha ya ile grafu niliipiga.