Nimnunulie kipi: Children of Blood and Bone au An Ember in the Ashes?

ShangaziMsomaji
Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri wa haraka, zawadi inabidi niiagize kabla wiki haijaisha. Binti wa kaka yangu nimemuuliza anataka kitabu gani, akanijibu: "Shangazi, nataka chenye uchawi uliopigwa marufuku, halafu watu wanaasi." Maneno yake hayo hayo. Nimezunguka, nimeulizia, nimebaki na viwili: Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi na An Ember in the Ashes cha Sabaa Tahir. Vyote vinasifiwa, vyote vina msichana anayepambana na utawala katili. Mfuko wangu unaruhusu kimoja tu. Nichukue kipi?

Kurasa_Usiku
Cha Adeyemi, wala usijiulize mara mbili. Uchawi uliopigwa marufuku na uasi, hicho ndicho chenyewe.

MwalimuMstaafu
Dada yangu, umetuletea swali nusu. Huyo binti ana umri gani? Kiingereza anakisoma kwa raha au kwa kusukumwa? Kitabu kinene ameshawahi kukimaliza? Anataka cha karatasi au cha kusikiliza? Vitabu hivyo viwili vina damu nyingi, na wanaokufa ni watu ambao msomaji ameshaanza kuwapenda. Tukikujibu bila kumjua msomaji tutakuwa tunapiga ramli.

BintiWaMajivu
Mimi ni wa Tahir tangu kilipotoka 2015 na sifichi. Laia anatoka kwenye watu waliotekwa na dola. Wanajeshi wanavamia nyumba usiku, babu na bibi wanauawa, kaka yake Darin anakamatwa kwa sababu ya daftari la michoro, na yeye anakimbia. Anakimbia, anamwacha! Kurasa zote zinazofuata anazibeba zile mbio mgongoni. Anakwenda kwa waasi, wanamwambia watamsaidia kumtoa kaka yake iwapo atakubali kuingia chuo cha kijeshi cha Blackcliff kama mtumwa, awapelelezee mkuu wa chuo. Sijawahi kukutana na mwandishi aliyempa mtu mwenye hofu heshima kiasi hicho. Upande wa pili yuko Elias, askari bora kuliko wote chuoni, na kumbe anapanga kutoroka jeshi. Sura zinapokezana, yeye na Laia.

Kurasa_Usiku
Nakubali kitabu ni kizuri, lakini uchawi umekaa wapi hapo? Juzuu ya kwanza ina majini na waaguzi wanaoona yajayo, basi. Watu wengi humo wanadhani ni hadithi za kale. Marufuku hakuna.

Kwa Adeyemi marufuku ipo tangu ukurasa wa kwanza. Zélie, msichana mwenye hadithi, na wenzake wanajifunza kupigana kwa fimbo ndani ya kibanda cha Mama Agba, kwa siri. Walinzi wa mfalme wanakuja. Angalia mikono ya wale wasichana: fimbo zinafichwa, vitambaa na sindano vinatoka, wanajifanya mafundi wa kushona. Mlinzi anaingia, anadai kodi. Kodi inatozwa watoto wenye nywele nyeupe, waliozaliwa na uwezo ambao hawawezi hata kuutumia, kwa sababu uchawi wenyewe ulishatoweka siku mfalme Saran alipowamaliza wazazi wao. Wanalipishwa kitu walichonyang'anywa! Nilisoma hapo nikafunga kitabu kwa hasira, dakika tano sikuweza kuendelea.

TarishiWaMwezi
Ongezeni cha tatu kwenye mizani: Raybearer, wa Jordan Ifueko, 2020. Tarisai amelelewa kwenye nyumba ambamo hakuna mtu anayethubutu kumgusa, kwa sababu akikugusa anaziona kumbukumbu zako. Mama yake anamtuma kwa mwana wa mfalme akiwa amefungwa na agizo: mpende, kisha muue. Na hadithi inaisha kwa vitabu viwili tu, cha pili ni Redemptor cha 2021. Hakuna kusubiri miaka.

MwalimuMstaafu
Tarishi, mtu kauliza viwili, wewe unamletea cha tatu. Halafu mwenye swali mbona kapotea?

JuzuuKwaJuzuu
Mimi naomba niseme la kununua, maana nimeumia hapo.

Nilitaka kumpa mdogo wangu kitabu cha Adeyemi. Alikuwa hapendi kusoma, ndiyo kwanza ameanza kuonja. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, duka silitaji. Kifurushi kikafika, nikaona jalada lina sura ya msichana mwenye nywele nyeupe na maneno Children of, nikaridhika, nikakifunga karatasi ya zawadi bila kukifungua. Kumbe ni Children of Virtue and Vengeance, juzuu ya pili. Mdogo wangu naye hakujua. Alihangaika nacho kama wiki mbili. Kila nikimpita namkuta yuko ukurasa ule ule, anarudi nyuma, anaanza upya. Nikimuuliza kinakwendaje anasema kizuri. Siku moja akaniambia polepole, hata usoni hakuniangalia: "Kaka, nadhani mimi sina akili za vitabu. Wanaongea mambo kama vile nimeshayajua."

Nikakichukua, nikakiangalia vizuri, nikaelewa. Nilimweleza kosa ni langu, nikamwagizia cha kwanza. Hakukigusa. Kurasa za mwanzo za cha pili zinamlilia mtu aliyekufa mwishoni mwa cha kwanza, kwa hiyo alishajua anafiwa nani, hamu ilikuwa imekufa. Lakini hata hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba lile neno alilojiambia, kwamba hana akili za vitabu, lilimganda. Imepita miaka miwili na bado sijamwona na riwaya mkononi. Kwa hiyo dada, ukiagiza, soma jina lote la kitabu, herufi kwa herufi. Cha kwanza ni Blood and Bone, 2018. Cha pili ni Virtue and Vengeance, 2019. Cha tatu ni Anguish and Anarchy, 2024. Majina yanafanana, majalada yanafanana. Kikifika, fungua mwenyewe kabla hujakifunga zawadi.

BintiWaMajivu
Pole sana kaka. Mdogo wako hakustahili hilo. Umejaribu kumsomea kwa sauti? Cha Adeyemi kinapatikana kwa kusikiliza, msomaji ni Bahni Turpin, na kilipewa tuzo ya Audie ya kitabu cha sauti cha mwaka 2019. Zile kauli za kuita nguvu ni za Kiyoruba, ukizisikia zikitamkwa ni tofauti kabisa na kuzipita kwa macho.

TarishiWaMwezi
Juzuu, pole, lakini umetumwagia mchele. Sasa wote tunajua kuna atakayekufa mwishoni.

JuzuuKwaJuzuu
Sijataja jina.

TarishiWaMwezi
Hata bila jina. Nitasoma kila sura nikihesabu nani bado yuko hai. Utamu wa kitabu ni kutojua.

Kurasa_Usiku
Hapo sikubaliani. Nimekisoma mara tatu nikijua kila kitu, na mara ya tatu ndiyo nililia zaidi. Ukimjua anayekwenda kufa, kila anapocheka unamshika mkono.

ShangaziMsomaji
Samahanini jamani, nilikuwa kazini. Mwalimu, uko sahihi, nilipaswa kueleza. Ana miaka 14. Kiingereza anakisoma vizuri kuliko mimi. Anataka cha karatasi, anapenda kupigia mistari.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika mwanzoni kwa sababu sikujua kama linahusu. Mama yake alifariki mwaka juzi. Tangu hapo amekuwa msomaji wa kutisha, anasoma hadi mezani. Ninyi mmezungumzia kufa na kuuawa, nikaona niseme.

MwalimuMstaafu
Linahusu, dada. Linahusu kuliko yote. Ahsante kwa kulisema.

Basi nami niseme wazi. Mama yake Zélie aliuawa kwa kunyongwa siku ile ya uvamizi wa Saran, Zélie akiwa mtoto mdogo, na anaikumbuka ile minyororo tena na tena. Haliwekwi pembeni, ni jeraha linaloendesha kitabu kizima. Mimi nisingempa mtoto wa miaka 14 aliyefiwa na mama juzi tu. Angalau si bila mtu mzima kukisoma kwanza.

Kurasa_Usiku
Mwalimu, shikamoo, lakini nakupinga kwa hili. Nilifiwa na mama nikiwa na miaka 15. Kila mtu alinipa vitabu vya furaha. Nilivichukia. Watu wote nyumbani walishusha sauti nikiingia, na vitabu navyo vilishusha sauti. Nilitaka kusoma mtu aliyefiwa na bado ana kazi ya kufanya. Zélie uwezo wake ni wa roho za waliokufa, ndiyo karama ya ukoo wake, na alirithi kwa mama yake. Kwa mtoto aliyefiwa hicho si kitu cha kutisha. Mimi ningekilalia chini ya mto.

MwalimuMstaafu
Marahaba mwanangu. Nimekusikia na sina jibu la kukuzidi, maana wewe uliyapitia. Bado nasema kila mtoto na moyo wake.

BintiWaMajivu
Na msidhani kwa Tahir atapumzika. Laia hana baba wala mama, na babu na bibi nao wanaondoka mwanzoni tu. Kuna viboko, kuna mtumwa aliyetiwa kovu usoni, kuna vitisho dhidi ya wasichana ambavyo kwa miaka 14 ningetaka mtu azungumze naye. Nakipenda, lakini ukiniuliza kipi kikali zaidi, nitasema changu. Tena mfululizo una vitabu vinne, hadi 2020, na kila kimoja kina msiba wake.

TarishiWaMwezi
Raybearer nacho nakiondoa kwa sasa. Mama wa Tarisai yuko hai lakini hamkumbatii mwanawe. Kuna mahali Tarisai anasubiri mlangoni mama aje. Kwa huyo binti, sijui.

FundiManeno
Naingia kwa jingine kabisa, mnisamehe. Neno uchawi linanikwaza. Kwetu mchawi ni mtu mbaya, anaroga, anadhuru usiku. Mganga anatibu. Mazingaombwe ni ya kuchezea macho ya watu. Sihiri nayo ina harufu ya uovu. Sasa hicho anachozaliwa nacho Zélie, kilichotoka kwa miungu, kinachoponya, kinachoongoza maji na moto, tunakiita uchawi? Mtu akisikia "kitabu cha uchawi" anamnyang'anya mtoto. Mimi ningesema karama. Au kipawa.

MwalimuMstaafu
Karama ni neno la ibada, Fundi. Na kipawa ni cha kuimba na kuchora. Hakuna anayenyongwa kwa kipawa.

FundiManeno
Ndiyo maana nasema maneno mawili yanahitajika. Mfalme anasema uchawi. Wenye nao wanasema karama. Kitu ni kimoja. Humo kitabuni walinzi wanawaita wale watoto funza. Ukishamwita mtoto funza, kumlipisha kodi ya nywele zake kunakuwa rahisi. Kama ningetafsiri, ningeweka uchawi mdomoni mwa Saran tu, na mtu akigeuka upande wa Zélie umsikie amebadilisha neno.

Kurasa_Usiku
Aisee, hiyo nimeipenda. Na Inan je? Mwana wa mfalme anayegundua kwamba naye anao, na unywele mweupe umemtoka kichwani, anauficha. Angesema lipi?

FundiManeno
Asingelitaja kabisa. Angesema "hili."

BintiWaMajivu
Inan ni mwoga.

Kurasa_Usiku
Inan si mwoga! Amelelewa na baba aliyemfundisha kuficha hisia, hadi anashika kete ya mchezo mkononi na kuhesabu ili asihisi chochote. Ndiyo Laia akimbie umheshimu, Inan akiogopa umtukane?

BintiWaMajivu
Laia alikimbia akarudi. Inan kila akifika mlangoni anageuka.

JuzuuKwaJuzuu
Mwandishi mwenyewe ameeleza mwishoni mwa kitabu kwamba alikiandika kipindi ambacho kila akifungua habari anakuta watu weusi wasio na silaha wamepigwa risasi na polisi nchini Marekani. Nikimfikiria Inan namfikiria hapo. Mtu aliyevaa sare, ambaye anajua, na bado anaitii sare.

MwalimuMstaafu
Hilo la mwishoni msiliruke. Binti akimaliza, dada, mwambie asome na yale maneno ya mwandishi.

ShangaziMsomaji
Nimewasoma wote. Jana usiku nilifungua kile kipande cha bure cha kitabu cha Adeyemi, nikasoma hadi wale wasichana wanapoficha fimbo na kushika vitambaa. Nimesimama hapo. Mama yake huyu binti alikuwa fundi cherehani. Sikuwa nimewaambia hilo pia.

Sijaagiza bado. Kesho nampigia kaka yangu kwanza.

Kurasa_Usiku
Usimpigie kaka peke yake. Muulize na binti mwenyewe, mwambie kuna mama anayekufa humo. Atakujibu.

TarishiWaMwezi
Na jina la kitabu, herufi kwa herufi.

FundiManeno
Akianza kupigia mistari, naomba utuambie amepigia wapi.