Naomba ushauri: nisubiri hataza ya wenzangu iishe, au nisajili maboresho yangu sasa?

Mtambo Kimya (mleta mada)
Habari wakuu. Nimeboresha valvu ya kunyunyizia maji mashambani. Valvu yenyewe si yangu, ina hataza (patent, haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake) ya kampuni moja kubwa, imebakiza miezi tu ifike ukomo. Kilicho changu ni kisahani cha mpira cha ndani kinachofanya isizibe mchanga. Nisajili sasa au ninyamaze mpaka ya kwao iishe? Usingizi siupati. Matusi hapana.

Nyundo Nzito
Mkuu, hizi hataza ndizo zinazotuchelewesha. Tazama printa za 3D. Kampuni ya Stratasys iliomba hataza ya kuyeyusha uzi wa plastiki mwaka 1989, ikaisha 2009. Muda wote huo ilikuwa mashine ya viwandani. Mwaka huohuo wa ukomo wakaanza MakerBot, watengenezaji wa printa za mezani, na bei ikaporomoka. Mimi yangu niliiunda mwenyewe mezani, kichwa kikaziba, nikakizibua kwa uzi wa gitaa. Siku ilipotoa umbo la kwanza lililonyooka nilimwita kila mtu nyumbani aje aone.

Karani Mstaafu
Nyundo, hiyo ni nusu ya habari. Mradi wa RepRap wa Adrian Bowyer, wa printa za 3D za kujiundia, ulianza 2005, hataza ikiwa hai. Watu hawakulala wakisubiri ukomo. Na mnasahau jambo moja: ili upewe ulinzi wa miaka 20 tangu siku ya kuomba, lazima ueleze kitu chako waziwazi, fundi mwingine aweze kukitengeneza. Bila hivyo mtu angeficha ujuzi wake mpaka aingie nao kaburini. Vijana mnataka vya bure, jasho la mtu hamlioni.

Kipepeo
Mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kisahani cha mpira. Mleta mada, toa yote.

MamaDawa
Ndugu yangu, swali moja tu. Umeshatengeneza?

Mtambo Kimya
Za majaribio tu, dada.

MamaDawa
Za majaribio mezani, au mzigo?

Mtambo Kimya
Haya, niseme. Mzigo upo stoo, maboksi yamefika usawa wa dirisha. Mteja ameshalipa nusu. Lakini siuzi hata moja! Hataza ikiisha leo, kesho yake natoa. Sasa kosa liko wapi? Hiyo kampuni imekula faida miaka yote na valvu inaziba vilevile. Mafundi nimeshawaambia waendelee.

MamaDawa
Kosa ni hapo hapo stoo. Hataza haizuii kuuza tu, inazuia hata kutengeneza. Sisi wa dawa tunalijua hili. Kanada iliruhusu viwanda vilimbikize dawa kabla ya hataza kuisha, kesi ikafika Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2000 jopo likaamua: majaribio ya kuombea kibali ruksa, kulimbikiza marufuku.

Na huo ukomo unaousubiri, una uhakika nao? Hataza kuu ya Humira, dawa ya ugonjwa wa viungo, iliisha Marekani mwaka 2016. Dawa zinazofanana nayo zilianza kuuzwa huko 2023, kwa sababu kampuni ilikwisha kuizungushia hataza nyingine zaidi ya mia. Wagonjwa wangapi walisubiri hapo katikati? Hili linanichoma mpaka leo.

Nyundo Nzito
Ndiyo maana nasema zifutwe zote!

Karani Mstaafu
Zisifutwe, zisirefushwe. James Watt alipata hataza ya injini yake ya mvuke 1769, Bunge la Uingereza likamwongezea mpaka 1800. Jonathan Hornblower alikuwa na injini ya silinda mbili tangu 1781, akabanwa. Lakini Watt naye alibanwa: mkono wa kuzungushia gurudumu ulikuwa na hataza ya James Pickard, ikabidi atumie mfumo mwingine, wa magurudumu ya meno. Kwa hiyo Mtambo, unaweza kusajili maboresho hata sasa. Huwezi kutengeneza bila idhini yao, nao hawawezi kutumia kisahani chako bila yako. Hapo mnakaa mezani.

Jicho la Tatu
Wakuu, tulieni kwanza. Huyu kajiunga leo. Kampuni hataji, namba ya hataza hataji, kisha anauliza "kosa liko wapi". Ama anatufunga kamba, ama ni mtu wa kampuni yenyewe anatega nani atamwambia "tengeneza tu". Hakuna valvu wala stoo.

Nyundo Nzito
Mimi nimeongelea printa tu, ieleweke.

Kipepeo
Nilijua! Stoo, dirisha, mteja, ni tamthilia kamili 😂

Mtambo Kimya
Mnaniumiza. Mtu wa kutunga angejua hili? Mifereji ya kisahani ikiwa imenyooka inarundika mchanga ukingoni. Ukiikata kwa kuipinda upande mmoja, kuanzia karibu na kitovu, kina kikiongezeka kuelekea nje, kisahani kinajizungusha kidogo kila maji yanapofunguliwa, na mchanga unatoka wenyewe. Mpira ukiwa laini sana kinakwama. Nimeungua vidole kwa hiki kitu.

Karani Mstaafu
Ewe kijana, umefanya nini! Hicho ndicho ulichotaka kusajili, na umekimwaga mbele ya watu wote. Kilichokwisha kuwekwa hadharani si kipya tena. Mod, ondoa hiyo posti!

Jicho la Tatu
Nimeshaisoma. Sasa naamini.

MamaDawa
Mtambo, nisikilize. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu aitoe siri yake mwenyewe. Ulaya kwa kawaida haina msamaha huo. Kila nchi unayotaka kuuzia, angalia sheria yake, na angalia pia kama hiyo hataza ya wenzako ilisajiliwa huko na ada zake bado zinalipwa, maana hataza ya nchi moja hailindi nchi nyingine. Mtafute wakili wa hataza kesho asubuhi, si wiki ijayo. Mafundi wasimame leo.

Mtambo Kimya
Nimewasimamisha. Na huyu aliyelipa nusu, nimwambieje?