Wenye viwanja vya kwadi na fobaifo Mbeya na Iringa: bima mnazouziwa hazimlipi mteja aliyepinduka

Wakuu, heshima mbele. Lugha mtanivumilia, maana hili limezidi.

Huku nyanda za juu kusini mtu akifungua kiwanja cha kuendeshea kwadi, yaani zile pikipiki za magurudumu manne, pamoja na fobaifo, yaani magari ya 4x4 ya njia mbovu, iwe nje ya Uyole au huko Mafinga, wakala wa bima anamfuata na wimbo uleule: "Bosi, kata bima ndogo (ile ya kumlipa mtu wa tatu) kwa kila chombo, ongeza bima ya dhima kwa umma (ya kumlipa mgeni aliyeumia kwenye eneo lako), umemaliza." Bosi analipa, anabandika cheti ukutani, analala usingizi. Kumbe mikataba yote miwili inamkana mtu mmoja, na huyo ndiye anayemweka bosi mjini: mteja aliyelipa, akavaa helmeti, akapinduka kwenye mteremko.

Someni vifungu. Kichwa cha karatasi hakimlipi mtu.

Bima ndogo ipo kwa sababu ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na sheria hiyo inazungumzia chombo kinachotumika barabarani. Njia ya matope ndani ya shamba lenye geti, ubishi unaanzia hapohapo. Hata mkishinda ubishi huo, mikataba ya magari kwa kawaida inatenga mashindano na majaribio ya mwendo, na ukikodisha kwa malipo chombo kilichokatiwa bima ya matumizi binafsi umejitoa mwenyewe. Ile 118,000 ya gari dogo binafsi, laki moja na VAT ya asilimia 18, haikuwahi kuwa bima ya biashara yako. Wakala analijua hilo. Anaandika "binafsi" kwa sababu ni bei rahisi na dili halimkimbii.

Haya, twende kwenye dhima kwa umma. Ile ya kawaida imeshonwa kwa ajili ya duka, hoteli au ukumbi: mtu ateleze kwenye vigae, bango limdondokee. Ndani yake mara nyingi kuna vifungu viwili vya kukumaliza. Kimoja kinatenga madhara ya chombo chenye injini, kwa hoja kwamba hayo ni ya bima ya magari. Kingine kinamtenga anayeshiriki mchezo wenyewe. Basi magari wanakusukumia dhima, dhima wanakurudisha magari, na majeruhi yuko wodini. Atakayelipwa hapo ni mtazamaji aliyeteleza chooni.

Mnachotakiwa kudai ni nyongeza ya mkataba, kwa maandishi, inayotamka mambo mawili: washiriki wanaoendesha wamo, na vyombo vikiwa ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani vimo. Kama ardhi ni ya kukodi, jina la mwenye ardhi liingie pia, maana atashtakiwa pamoja nawe. Kisha angalieni kikomo cha mwaka. Mkataba ukisema milioni 100 kwa tukio na milioni 100 kwa mwaka mzima, ajali ya Januari ikila 80, mpaka Desemba mnaendesha kwa 20.

Kampuni ikisema hatari hii haimo kwenye bima yao mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni yenyewe inakata kwa kampuni nyingine, na lazima itafutiwe nafasi peke yake, hapo haiwadanganyi, na kazi hiyo inakula wiki. Kwa hiyo msianze kuhangaika siku tatu kabla ya kufungua geti. Na yule anayewashauri mnunue ya nje kwenye mtandao mwambieni atulie: hatari iliyo nchini inakatiwa bima nchini, kwenda nje ni kwa kibali cha TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Ofisi yao ya kanda ipo Mbeya, nendeni mkaulize.

Sasa zamu yenu wenye viwanja, maana nanyi mna yenu.

Ile fomu ya "nimekubali hatari, sitadai chochote" mnaiona kama hirizi. Aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba, na saini ya mzazi inathibitisha tu kwamba mlionya. Mteja akifariki, Sura ya 310, sheria inayogusa madai ya vifo vya ajali, inawapa wategemezi wake njia ya kudai. Fomu ya Kiingereza anayopewa mtu akiwa ameshalipa na ameshakaa juu ya kwadi, wakili yeyote ataichana. Iwe ya Kiswahili, isomwe kabla ya malipo, itaje hatari kwa majina: kupinduka, kubanwa na chombo, jiwe, mti. Halafu itunzwe! Dai la uzembe lina miaka 3, lakini kwa mtoto saa inaanza kuhesabu akifikisha 18. Aliyeumia ana miaka 10 leo anaweza kuja na wakili akiwa na 20. Nyie fomu mnafungia maandazi.

Fomu ya maombi ya bima ndiyo inayowaua zaidi. Mnaandika "njia zinafungwa mvua ikinyesha", "vyombo vinakaguliwa kila asubuhi", kwa sababu wakala kasema andika hivyo. Hayo yanageuka masharti. Mvua zetu zinaanza Novemba na kuisha Mei, udongo wa Mufindi na Rungwe ukilowa ni sabuni, na geti liko wazi. Mkaguzi wa madai akifika ataomba daftari la ukaguzi, na daftari hakuna.

Na hata mkikagua, mnakagua nini? Tairi la kwadi linataka upepo mdogo, mara nyingi psi 4 hadi 7, kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha chombo au kitabu chake. Fundi wa bodaboda anajaza 30. Tairi linakuwa mpira wa kudunda, halishiki, na chombo kinapinduka mahali ambapo kingepita. Kwadi ya kiti kimoja inapakia wawili. Kamba ya kuzimia injini imefungwa kwenye usukani badala ya mkono wa dereva. Fobaifo ikinasa, kamba inafungwa kwenye kile kidude cha duara cha kuvutia tela, ambacho hakikuundwa kwa mshtuko. Kikikatika kinaruka kama risasi. Fungeni kwenye ndoano iliyoshikwa kwenye chesisi, watu wasimame mbali. Nguvu ya winchi, ile mashine ya kuvutia gari lililonasa, isipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa na mizigo.

Kiangazi kuna moto: ekzosi ya moto, nyasi kavu, misonobari ya jirani. Angalieni kama kikomo cha mali ya watu wengine kinatosha hata ekari chache.

Wafanyakazi wanalindwa na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mnaouchangia asilimia 0.5 ya mishahara, vibarua wakiwemo. Msiwachanganye na dhima.

Halafu rambirambi. Mkataba unakataza kukiri kosa au kuahidi malipo bila idhini ya kampuni, na kwetu haiwezekani usionekane msibani. Pigeni simu kwa kampuni siku hiyohiyo, tumeni taarifa ya maandishi, kisha nendeni. Mchango uandikwe rambirambi, na asiwepo wa kusema "tutagharamia kila kitu" mbele ya ukoo.

Wakala anayeona nimemsingizia aje hapa na namba ya kifungu kinachomlipa mshiriki. Maneno ya "bosi usijali" abaki nayo.