Kaka ana sonona, shemeji kaletewa kopo la 5-HTP. Nimpe?

Kijana wa Newala: Habarini wadau. Kaka yangu mkulima wa korosho. Msimu uliopita ugonjwa wa ubwiri unga uliila mikorosho yote, na salfa ya kuupulizia alikuwa kaikopa. Tangu hapo halali, ugali anaumegamega tu. Hospitali wamesema sonona iliyoletwa na msongo, wakampa fluoxetine. Hii wiki ya pili, nafuu sioni. Shemeji kaletewa hilo kopo kutoka Dar, eti ni amino asidi, chakula cha ubongo, halina madhara. Nimchanganyie?

Dada wa Dawa, Lindi: Usimpe, mdogo wangu. Mwili hutengeneza 5-HTP kutoka kwa triptofani, amino asidi (kijenzi cha protini) iliyomo kwenye mayai, samaki, hata korosho zenu, kisha huigeuza serotonini, kemikali ya kupelekeana ujumbe kati ya seli za neva. Fluoxetine nayo huzuia serotonini isiondolewe haraka kati ya seli za neva. Vikikutana inaweza kuzidi: kutetemeka, jasho, homa, moyo mbio, kuchanganyikiwa, hata kufa. Wala asiache dawa ili aanze kopo, maana fluoxetine hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kuiacha.

Babu Mikindani: Kitu cha chakula kitamdhuru vipi mtu?

Dada wa Dawa, Lindi: Shikamoo babu. Mwaka 1989 Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua misuli na damu kwa vidonge vya triptofani vilivyochafuka kiwandani, makumi wakafa. Tena triptofani ya kwenye sahani hugombania njia ya kuingia ubongoni na amino asidi nyingine, ndiyo maana kula korosho hakutibu sonona. Ingekuwa hivyo, Mtwara nzima tungekuwa tunacheka.

Sisemi utafiti haupo. Mwaka 2018 wanasayansi waliripoti kwamba wagonjwa wa sonona walikuwa na asetili-L-kanitini, kemikali ambayo mwili hujitengenezea, kidogo kwenye damu, na majaribio madogo ya kuimeza yanatia moyo. Lakini hiyo si 5-HTP, na kitu kupungua mwilini si ushahidi kwamba kukimeza kunaponya.

Wiki mbili bado mapema. Dawa hizi huchukua wiki nne au zaidi. Anasemaje kuhusu deni?

Kijana wa Newala: Marahaba… samahani, shikamoo dada. Juzi alisema litaisha akishazikwa.

Dada wa Dawa, Lindi: Basi kopo si hoja tena. Mrudishe hospitali leo, daktari aambiwe maneno hayo hayo. Viuatilifu vyote vitoke nyumbani, vikahifadhiwe kwa jirani. Asilale peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo.

Kijana wa Newala: Natafuta bodaboda.